Kompyuta ikizimika: Usikimbilie mpya, wala usikimbilie rahisi

WAFANYABIASHARA wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa umuhimu wa spea. Mwenye mashine ya kusaga mahindi pale Makambako huwa na mkanda wa akiba umetundikwa ukutani. Mpasua mbao wa Mafinga hafungui kazi asubuhi bila msumeno wa pili uliokwisha kunolewa. Dereva wa lori linalokwenda Tunduma hathubutu kuupandisha mlima Kitonga bila tairi la akiba. Wote hao wamekwisha kupiga hesabu, na wameona kwamba kifaa kinachokaa bure stoo ni nafuu kuliko kazi inayosimama.

Hesabu hiyo hiyo bado haijapigwa kwa upande wa kompyuta. Mwenye duka la steshenari Mwanjelwa, mwenye stoo ya mpunga Ubaruku na mwenye nyumba ya wageni mjini Iringa wote siku hizi huweka madeni, stoki na mishahara ndani ya kompyuta ya mezani, mara nyingi ile ya mtumba yenye umri wa miaka 10 au zaidi. Siku inapokataa kuwaka, mmoja hukimbilia kununua nyingine, na mwingine hukimbilia kifaa cha bei ya chini kabisa alichokiona kwenye kabati la kioo. Wote wawili huweza kupata hasara, na hasara ya huyu wa pili aghalabu ndiyo kubwa zaidi.

Safu hii inapendekeza njia ya tatu. Kompyuta ya zamani iliyozimika ghafla mara nyingi imekufa kifaa kimoja tu, nacho ni pawa saplai. Kifaa hicho hubadilishwa kwa muda usiozidi saa moja, lakini chenyewe ndicho kinachopeleka umeme kwenye kila kitu kingine ndani ya boksi. Kwa hiyo kisinunuliwe kwa kutazama bei peke yake. Kinunuliwe kwa kutazama mzigo kitakaoubeba na dhamana anayoitoa muuzaji, na kinunuliwe mapema kabla hakijahitajika.

KIFAA CHENYEWE

Pawa saplai ni lile boksi la bati lenye feni, nyuma ya kompyuta, linalochomekwa waya wa ukutani. Kazi yake ni kuupokea umeme wa TANESCO wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa aina tatu: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Volti 12 huendesha prosesa, feni na mota ya hadi diski. Hizo nyingine hulisha madabodi na vifaa vidogo vidogo.

Kuna dalili kadhaa za kufa kwake. Ya kwanza ni ukimya: unabonyeza swichi na hakuna feni inayozunguka wala taa inayowaka. Ya pili ni harufu ya kuungua, au mlio mkali mara moja tu halafu kimya. Ya tatu ni kompyuta kujizima na kujiwasha yenyewe kazi inapokuwa nzito. Ya nne inawahusu sana watu wa Mbeya, Njombe na Mufindi: kompyuta hugoma asubuhi za Juni na Julai wakati wa baridi kali, kisha huwaka baada ya kujaribiwa mara tano au sita. Hiyo ni dalili kwamba kapasita za ndani zimezeeka, kwa sababu kapasita iliyochoka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi. Mwenye duka akiona hivyo asishukuru kwamba hatimaye imewaka. Ajue kwamba amepewa taarifa mapema na aanze kutafuta spea siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kuihukumu pawa saplai, mambo manne yaangaliwe kwanza, tena bila kumlipa fundi. Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu. Waya wa kompyuta ubadilishwe na wa kompyuta nyingine. Fyuzi iliyo ndani ya plagi iangaliwe. Swichi ndogo ya nyuma ya boksi, ambayo mfagiaji huweza kuigusa kwa bahati mbaya, ihakikishwe kuwa imewashwa. Wako waliouziwa pawa saplai wakati ugonjwa ulikuwa kwenye ekstensheni.

UMEME WETU NA MITUMBA YETU

Kifaa hiki hufa kila mahali duniani kwa uzee, vumbi na joto. Kwetu kuna sababu mbili za ziada.

Ya kwanza ni hali ya umeme. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, ndiyo yanayotiririka hadi bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80 na kisha Kidatu yenye megawati 204. Kwa miaka mingi ukame ulipoyapunguza maji hayo, kama ilivyokuwa mwaka 2006, nchi nzima iliingia kwenye mgawo. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambayo wa kwanza ulianza kuzalisha mwezi Februari 2024 na ambayo uwezo wake wote ni megawati 2,115, imeiondolea nchi sehemu kubwa ya upungufu huo. Lakini wingi wa umeme kwenye gridi ni jambo moja, na utulivu wake kwenye soketi ya duka ni jambo jingine. Nguzo ikianguka Uyole au transfoma ikizidiwa Ipogolo, mwenye duka hukatikiwa vile vile.

Ieleweke kwamba umeme unapokatika, pawa saplai haiumii sana. Hatari kubwa ipo pale unaporudi. Mota, friji na mashine za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja, volti hupanda na kushuka, na kifaa kilichoachwa kimewashwa hupokea misukosuko yote hiyo. Zaidi ya hapo, msimu wetu wa mvua ni mmoja na ni mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na radi zake zinajulikana. Ukimaliza msimu huo inaingia kiangazi chenye vumbi linaloziba feni. Kwa maneno mengine, kompyuta ya nyanda za juu haina miezi ya mapumziko.

Sababu ya pili ni asili ya kompyuta zenyewe. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na biashara huria ilipochukua nafasi yake mashine zilianza kuja kwa wingi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ofisini Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Si vibaya. Bila mtumba, mfanyabiashara mdogo asingekuwa na kompyuta kabisa. Lakini mtumba huja na uzee wake, na wakati mwingine huja na kitufe chekundu.

Kitufe hicho kipo nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Marekani hutumia umeme wa volti 120, na kwa hiyo mashine inayotoka huko huweza kufika Mbeya ikiwa kitufe kipo kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye umeme wetu, kapasita za ndani ambazo kwa kawaida zimetengenezwa kubeba volti 200 kila moja hubebeshwa zaidi ya 300. Mlio unaofuata husikika hadi duka la jirani. Basi mnunuzi wa mtumba akitazame kitufe hicho kabla ya kuchomeka. Na pawa saplai isiyo na kitufe, iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, haina hatari hiyo.

KWANZA TOA DAFTARI

Mashine ikifa, jambo la kwanza kuulizwa si bei ya spea. Linalotakiwa kuulizwa kwanza ni kumbukumbu ziko wapi. Kwa mfanyabiashara aliyekopesha mbolea kwa wakulima wa Mbozi au aliyepokea malipo ya awali ya mbao Mafinga, orodha ya wadaiwa iliyomo ndani ya hadi diski ina thamani kubwa kuliko kompyuta kumi za aina ile. Tena sheria nayo inamtazama. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Kumwambia ofisa wa TRA kwamba kompyuta iliungua si utetezi wa kutegemea.

Habari njema ni kwamba pawa saplai inapokufa kimya kimya, hadi diski mara nyingi inabaki nzima. Fundi huweza kuitoa kwa skrubu nne, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili kila kitu ndani ya saa chache. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuwasha mashine kwa pawa saplai mpya, hasa ikiwa mpya hiyo ni ya kubahatisha. Sababu ni kwamba pawa saplai mbovu ikitoa volti nyingi kupita kiasi, huweza kuiunguza madabodi na hadi diski kwa pamoja. Hapo mfanyabiashara anakuwa ameokoa shilingi elfu chache na kupoteza madeni ya msimu mzima.

HESABU

Tuweke jambo hili kwenye karatasi. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, si bei za soko. Msomaji aziondoe aweke za duka lake.

Tuseme duka la kuchapa na kutoa nakala linaingiza faida ya sh. 25,000 kwa siku kupitia kompyuta moja. Pawa saplai ya bei ya chini ni sh. 30,000, ile imara ni sh. 80,000, ufundi ni sh. 10,000, na kompyuta nyingine ya mtumba ya aina ile ile ni sh. 350,000. Tuseme pia kwamba kuitafuta spea, kuiagiza Kariakoo na kuisubiri ije kwa basi huchukua siku 3.

Anayenunua kompyuta nyingine siku ya pili yake atatumia sh. 350,000 na kupoteza siku moja ya kazi. Jumla ni sh. 375,000.

Anayenunua pawa saplai ya bei ya chini, nayo ikafa mara moja kabla ya mwaka kwisha, atakuwa amenunua mara mbili, amelipa fundi mara mbili na amefunga kazi siku 6. Hiyo ni 60,000 na 20,000 na 150,000, jumla sh. 230,000. Bado hatujaweka hatari ya kuunguza madabodi. Tukisema hatari hiyo ni moja kati ya tano, na kwamba ikitokea atalazimika kununua kompyuta nyingine kwa gharama ile ya 375,000, basi wastani wa hatari hiyo ni sh. 75,000. Gharama yake kamili inafika sh. 305,000.

Anayenunua pawa saplai imara baada ya mashine kufa atalipa 80,000 na 10,000, na atapoteza siku 3 za kazi zenye thamani ya 75,000. Jumla ni sh. 165,000.

Anayeinunua ile imara mapema na kuiweka kabatini atalipa 80,000 na 10,000, na atapoteza nusu siku, yaani sh. 12,500. Jumla ni sh. 102,500.

Kifaa cha sh. 30,000 kimegharimu karibu mara tatu ya kile cha sh. 80,000. Wenzetu wengi hupima gharama kwa fedha iliyotoka mfukoni siku ile na kusahau fedha ambayo haikuingia. Msomaji anaweza kubadilisha tarakimu apendavyo, lakini maadamu duka linaitegemea kompyuta kila siku, zitakazobeba uzito mkubwa ni siku za kukaa bila kazi.

NAMNA YA KUNUNUA

Mnunuzi asiye fundi anaweza kujilinda kwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, aende dukani na pawa saplai iliyokufa mkononi. Umbo la kawaida linalojulikana kama ATX, lililoanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ndilo linaloingia kwenye kompyuta nyingi kubwa za mezani. Lakini zile ndogo nyembamba za Dell, HP na Lenovo, ambazo zimejaa kwenye soko la mtumba, mara nyingi zina pawa saplai za umbo lake na plagi zake. Kuna hata kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo plagi yake ilifanana kabisa na ya ATX ilhali nyaya zilipangwa tofauti. Aliyechomeka ya kawaida aliunguza madabodi. Kufanana kwa plagi peke yake si ushahidi wa kutosha.

Pili, ahesabu matundu ya plagi. Plagi kubwa ya madabodi za zamani ina matundu 20 na ya zilizofuata ina 24. Kuanzia enzi za Pentium 4 iliongezwa plagi ndogo ya matundu 4 kwa ajili ya prosesa, na bila hiyo kompyuta haiwaki hata kama kila kitu kingine ni kizima. Hadi diski za zamani hutumia plagi pana ya matundu 4, na za baadaye hutumia ile nyembamba ya SATA. Viunganishi vya bei ya chini vya kugeuza plagi moja kuwa nyingine viepukwe inapowezekana, kwani vingine huyeyuka na kuwasha moto.

Tatu, asome lebo, na asiridhike na namba kubwa. Kompyuta ya kawaida ya ofisini isiyo na kadi kubwa ya michezo aghalabu haitumii zaidi ya wati 150. Pawa saplai ya kweli ya wati 250 au 300 inaitosha. Lebo huandika wati 500 kwa sababu wino haulipiwi kodi. Atafute mstari wa volti 12 aone ampia zake, kisha azidishe. Ampia 14 mara volti 12 ni wati 168. Ikiwa boksi limeandikwa 500 na mstari huo unatoa 168 tu, basi sehemu kubwa ya namba ile ya juu ni ya mapambo.

Nne, aibebe mkononi. Pawa saplai imara ina vipande vya aluminiamu vya kupoozea, koili na kapasita kubwa, na vyote hivyo vina uzito. Ile nyepesi kama boksi tupu imepunguziwa kitu, na kwa kawaida kilichopunguzwa ni vifaa vya kinga.

Tano, adai kipimo mbele ya macho yake. Mafundi wengi huunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka, wakasema ni nzima. Feni kuzunguka haitoshi. Pawa saplai iunganishwe kwenye kompyuta inayofanya kazi na ipimwe kwa mita. Mstari wa volti 12 usomeke kati ya 11.4 na 12.6, wa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na wa volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Muuzaji asiyetaka kupima amekwisha kutoa jibu lake.

Sita, achukue risiti yenye jina la duka, aina ya kifaa na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo huisha mnunuzi anapovuka kizingiti.

Jambo moja lisifanywe na mtu asiye fundi: kulifungua boksi la pawa saplai. Hata baada ya kuchomolewa ukutani, kapasita zake huweza kubaki na umeme unaozidi volti 300. Umeme huo unaua.

WANAOPINGA

Wapo mafundi wanaosema kwamba hakuna haja ya kununua kabisa, kwani kapasita zilizovimba hubadilishwa kwa shilingi chache. Hoja hii ina ukweli. Fundi aliyefundishwa, mwenye mita na mwenye kapasita za kiwango kile kile cha volti na joto, huweza kuirudisha kazini pawa saplai nzuri. Kwa zile kompyuta nyembamba ambazo spea yake haipatikani Mbeya wala Iringa, huenda hiyo ndiyo njia pekee. Mkoa wenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pamoja na vyuo vya VETA, hauna sababu ya kukosa mafundi wa namna hiyo. Lakini wengi wanaojitangaza hawana kapasita mpya. Wanang'oa kutoka kwenye pawa saplai nyingine iliyokufa, na mteja anakuwa amenunua uzee wa mtu mwingine.

Wapo pia wanaosema kwamba kompyuta hizi zimepitwa na wakati, hasa baada ya Microsoft kusitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hawa nao wasipuuzwe. Mashine inayotumika kulipia kodi kwenye mtandao, kuingia benki na kupokea barua za wateja inahitaji programu zenye ulinzi wa sasa, na kama haiwezi kuzipokea, kuitengeneza ni kurefusha hatari. Lakini mashine inayoandika barua, inayochapa mitihani ya shule au inayotunza stoki bila kuunganishwa na intaneti haijaacha kufanya kazi hiyo kwa sababu ya tarehe iliyopangwa Marekani. Mfanyabiashara aamue kwa kutazama kazi inayofanywa. Kama kanuni ya safu hii, jumla ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine ya aina ile ile, matengenezo yasimamishwe.

Kundi la tatu husema kwamba mwenye kosa ni TANESCO na ndiyo ilipe. Mteja aliyeharibiwa vyombo na umeme ana haki ya kuandika malalamiko kwa shirika hilo, na asiporidhika kuyapeleka EWURA. Aandike tarehe na saa, ahifadhi kifaa kilichoungua na risiti zake, na aulize majirani kama nao waliathirika. Hata hivyo, malalamiko hayafungui duka kesho asubuhi. UPS nzuri au stebilaiza, pamoja na tabia ya kuchomoa plagi radi inapoanza na wakati umeme umekatika, ndiyo kinga iliyo mikononi mwake. Na printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo, kwani inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidi nguvu.

KWA WENYE MITAJI MIDOGO

Wasomaji wa ukurasa huu wanaotafuta pa kuweka akiba zao wanaweza kuuliza kama spea hizi ni biashara. Jibu ni ndiyo, kwa tahadhari. Soko halina upungufu wa pawa saplai. Linachopungukiwa ni muuzaji anayeaminika. Duka la Mbeya au Iringa ambalo lingeweka aina tatu au nne tu zinazotumika sana, likapima kila moja mbele ya mteja na kutoa dhamana ya maandishi ya miezi 3, lingeweza kuuza kwa bei ya juu kuliko jirani yake na bado likampunguzia mteja gharama, kama hesabu iliyopo juu inavyoonyesha. Isitoshe Mbeya ipo njiani kwenda Tunduma na Kasumulu, na umeme wa Zambia na Malawi ni wa volti 230 kama wetu.

Tahadhari ni kwamba stoki hii huzeeka. Plagi za leo zitakosa mashine za kuchomekwa miaka michache ijayo, na mwenye kontena zima atabaki na bati. Kwa hiyo mwekezaji aanze kwa kuhesabu: apite shule, zahanati, maduka ya steshenari na ofisi za usafirishaji, aandike aina za kompyuta zilizopo, ndipo aagize. Stoki ndogo inayozunguka ni bora kuliko kubwa inayolala.

Na kwa wale wasio na sh. 80,000 za kuziacha kabatini, kuna njia ambayo watu wetu wanaijua tangu zamani kupitia upatu na VICOBA. Maduka matano yenye kompyuta za aina moja yanunue pawa saplai moja ya pamoja. Kila mmoja atachangia sh. 16,000. Atakayepatwa aichukue, afungue kazi siku hiyo hiyo, kisha ndani ya wiki anunue nyingine ya kurudisha mahali pake. Kikundi kiandike sharti moja tu: ya kurudisha iwe ya kiwango kile kile, ipimwe mbele ya wenzake.

Msimu wa mvua unapokaribia, wenye maghala huziba mapaa kabla tone la kwanza halijaanguka. Wenye kompyuta nao wafanye yao matatu: wanakili kumbukumbu zao nje ya mashine, wasome lebo ya pawa saplai waliyonayo, na waweke nyingine ya namna ile kabatini.